Kisu cha Pili

Kisu cha kwanza kilikuja na kadodi.
Mwaka wa imbalu, nina miaka kumi na saba,
uso umepakwa chachu ya pombe,
fimbo nimeilaza nyuma ya shingo,
na ukoo mzima ukinikodolea
kama nitapepesa jicho.
Sikupepesa.
Baba alilia. Shangazi Nabifo akapiga vigelegele,
akanifunga leso kiunoni, ile ya maua mekundu,
nami nikatembea nayo majuma matatu
mchana kweupe, sokoni, mtoni,
na hakuna aliyecheka.
Walisema wamepata mwanamume.
Mimi nilikuwa nimepata leso.

Kisu cha pili hakikuwa na ngoma.
Kilikuwa na taa moja, harufu ya spiriti,
na daktari ambaye jina lake nimelimeza.
Nilirudi Mbale kwa basi la usiku, nimekalia mto,
mashimo ya barabara ya Tirinyi
nikiyahesabu kwa meno.

Miaka minne sasa.
Kilichoondoka ni kidogo, ndimu mbili za kukamulia samaki.
Kilichobaki ndicho sijui nikiite nini.
Kuna ukimya.
Ule mtambo uliokuwa ukinguruma ndani yangu usiku kucha,
ukisaga mahindi ya mtu mwingine,
umezimwa,
na asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi.
Ndevu zimekata tamaa, si zote.
Cherehani nakanyaga nikiwa nimeketi sawasawa,
sijibani, sijifichi chini ya meza.

Lakini mtambo uliozimwa hauachi unga ghalani.
Vidonge vikiadimika kwenye duka la barabara ya Naboa,
muuzaji husema, "Jumatatu,"
na Jumatatu yake ina miguu mifupi.
Ni dawa ya wanawake waliokoma hedhi.
Nilimwambia ni ya mama.
"Mama anaendeleaje?" huniuliza kila mara.
"Anaendelea."
Mama hajanisemesha tangu nilipojiita Nelima.

Basi magoti hunong'ona nikipanda ngazi.
Natafuna mukene na vichwa vyake, kwa ajili ya mifupa;
nalia kwa sababu uzi umekatika;
na mwanamume mmoja mpole, fundi wa redio,
amengoja mwezi mzima hamu yangu irudi safarini,
akichemsha chai, bila kuuliza imekwenda wapi.
Nayo huja. Haijui kubisha. Huja kama paka wa jirani.

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, joto likanipanda
kutoka kifuani hadi masikioni,
shuka likalowa kama limeanuliwa mvuani.
Nikatoka barazani na kitenge tu.
Wanale ilikuwa giza juu ya giza.
Mama Muyama wa chumba cha tatu alikuwa ngazini,
anajipepea na kifuniko cha sufuria.

"Nelima. Nawe?"
"Nami."
"Umri wako bado."
"Wangu uliwahi."

Alinitazama kwa muda mrefu,
muda wa ngariba kunoa.
Nikafikiria mlango, begi, nauli hadi Soroti.
Akasogea, akanipisha kwenye saruji baridi.
"Langu wanasema litaisha," akasema.
"Lako sijui."
Tukapokezana kifuniko
hadi mwadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti.

Nina gomesi sita za kumaliza kabla ya Jumamosi.
Mwaka wa imbalu umerudi,
mashangazi wanataka mabega yaliyosimama.
Ya sita imeletwa na kijana wa bodaboda,
kitambaa cha zambarau, vipimo kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mwenyewe hajui fundi ni nani.
Niliujua mwandiko.
Nimekata bila kuifungua karatasi,
na kiunoni nimeacha nafasi ya vidole viwili,
kwa sababu Shangazi Nabifo
akipiga vigelegele huvuta pumzi nyingi.