Kifungu na Kifungo

Barua ilifika Jumanne, bahasha moja kwa kila mlango,
kumi na nne, zimepangwa ngazini
kama mialiko ya harusi isiyotuhusu.
Nyumba imeuzwa.
Mama, aliyekuja Leipzig na miaka ishirini na miwili
kushona mashati ya nchi ambayo sasa haipo,
alizima pasi, akauliza kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa:
"Diep, na sisi tumo kwenye bei?"

Nikasoma tena. Mnunuzi ni kampuni
yenye jina la ua na anwani ya sanduku la posta.
Sikuwa na jibu. Nikapanda kwa Bi Tschirner,
mhasibu mstaafu wa kiwanda cha piano,
akatoa kwenye kopo la biskuti mkataba wa mwaka sabini na nne:
karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu,
kodi kwa sarafu ambayo leo hainunui hata chumvi.

"Nchi iliyopiga mhuri huu imekufa," alisema,
"imezikwa na wimbo wake wa taifa.
Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa mji.
Wa pili, warithi waliorudi kutoka magharibi
na funguo zisizofungua kitu.
Wa tatu, daktari wa meno. Huyu ni wa nne.
Mimi niko pale pale, ghorofa ya nne, kushoto."

Kisha kitabu cha sheria, ukurasa uliochakaa,
kifungu alichokipigia mstari kwa penseli:
*ununuzi hauvunji upangaji.*
Maneno matatu. Nikashuka nayo polepole
kama mtu aliyebeba sufuria ya supu ya moto.

Mama hakufurahi. Mama alitaka kuona mishono.
Na amana yetu?
Inamfuata mnunuzi; deni ni lake.
Na kodi ya mwezi ujao?
Kwa yule wa zamani, mpaka atuandikie yeye mwenyewe,
au jina jipya liingie katika daftari la ardhi.
Na wakitaka chumba hiki wakae wao?
Kampuni haina mgongo, Mama. Haiwezi kusema
inahitaji kitanda.
Na wakija na pesa mkononi?

Hapo nilikawia.
Kwa sababu Bwana Pawlitzki wa chini alikuwa ameshatia sahihi,
euro elfu tano, meza ya jikoni, kalamu ya kuazima,
akahamia kwa dada yake Zwickau.
Dirisha lake halikuwa na pazia tena.
Sheria haikumfukuza. Sheria haikuwepo mezani,
na hakuna aliyeiita.

Alhamisi akaja kijana wa kampuni
na kifaa kinachopima kuta kwa nukta nyekundu.
Nukta ikatambaa juu ya kabati, juu ya picha ya baba,
ikatua kifuani mwa Mama.
"Mita ngapi?" akamuuliza.
Kijana akaona haya, akazima, akatoa karatasi:
makubaliano tu, mama, hiari, kiasi kizuri,
ofa inaisha Ijumaa.

Mama hakuitazama karatasi.
Alikuwa akitazama koti lake,
kifungo cha pili kinaning'inia kwa uzi mmoja.
"Kaa," akasema.
Akakaa. Nani angekataa?
Akakishona kwa uzi wa buluu ulio karibu na buluu ile,
akazungusha mara nne chini ya kifungo, akafunga fundo,
akakata uzi kwa meno.

"Hiki hakitoki," akamwambia, "hata ukiuza koti."

Sijui kama alielewa. Alicheka kidogo,
akarudisha karatasi yake katika mkoba.
Kuna siku watakuja wengine, wasiokatika vifungo.
Bi Tschirner ameshaitisha kikao, Jumapili, tulete viti.

"Euro mbili," Mama akasema.
Kijana akapapasa mifuko, akalipa kwa sarafu.
Naye Mama akafungua kitabu chake,
akaandika tarehe, kazi, kiasi,
akamkatia risiti.