Dakika Kumi na Mbili Muheza

Jumamosi, saa mbili na nukta, nabisha hodi Chumbageni.
Semkiwa ananifungulia, filimbi shingoni,
miwani kaipandisha utosini, vidole vimeganda gundi.
"Ya abiria haimngoji mtu," anasema.
Hata chai hajanipa.

Tanga ipo sebuleni, juu ya meza ya chakula.
Bandari ni sinia la bluu.
Reli inatoka hapo, inapenya tundu la ukutani
alilolitoboa kwa tindo mwaka alioacha kutengeneza friji za watu
(Nasemba, mkewe, alihamia kwa dada yake wiki nzima;
aliporudi reli imefika jikoni; akacheka, basi),
inaingia chumbani, inapotelea mvunguni mwa kitanda,
huko ndiko Mnyuzi,
inaibukia Korogwe, juu ya kabati la viatu.
Milima ni magazeti na uji wa ngano.
Mkonge ni nywele za miswaki, safu kwa safu, kama shamba lenyewe.
"Nani kaipiga miswaki yote hii?"
"Mtaa."

Nakabidhiwa Muheza: kigoda, swichi tatu, kengele ya baiskeli,
daftari lenye safu za Kufika, Kuondoka, Sababu.
Na kijiko kimoja cha chai,
ambacho hulazwa juu ya behewa la kwanza.
Bila kijiko hakuna treni inayoingia njia ya Mnyuzi.
"Ukisahau," anasema, "tutazika watu."
Watu wenyewe ni njiti za kiberiti zilizovishwa uzi.

Saa ya ukutani kaichezea: dakika yetu moja, kwao nne.
Chediel, mjukuu wake, anagonga kengele toka Pongwe. Mbili.
Namjibu mbili.
Injini inachomoza tunduni, nene kama kipande cha sabuni ya mche,
na mabehewa sita, na harufu ya waya uliopata moto.
Naisimamisha sawasawa na jukwaa. Najiona bwana stesheni.
Saa nne natuma ya mizigo, kijiko kiko Mnyuzi.
Mlio mdogo mvunguni, kama kikombe kuanguka kwa jirani.
Semkiwa analala kifudifudi na tochi,
anavuta behewa mojamoja kama mtu anayetoa paka.
Hanigombezi. "Andika," anasema.
Naandika: Uzembe wa Muheza.

Adhuhuri umeme unakatika.
Tunakula wali na changu, sahani magotini,
maana mezani kuna Tanga.
Ndipo naisoma ratiba kwa kituo.
"Muheza dakika kumi na mbili? Enzi zile ilikuwa tano."
Anachambua mwiba.
"Mama alikuwa anauza machungwa pale. Dirisha hadi dirisha.
Tano zilitosha kugawa machungwa.
Hazikutosha kukusanya hela."
Anaomba limau.

Sabini na nane. Behewa la tatu, naenda shule Moshi,
sanduku la bati kati ya miguu.
Machungwa matatu, yamemenywa tayari, yameshaingia kwangu.
Shilingi nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo.
Treni ikashtuka, mkono wa mama mmoja ukakimbia na dirisha,
nami nikaifumba ngumi.
Mama wa nani, sijui; masinia yalikuwa mengi.
Korogwe nilinunua maandazi.

Simwambii Semkiwa. Nanawa mikono, nanawa tena.

Umeme unarudi saa tisa. Ya abiria, ya mwisho.
Jukwaani kuna njiti moja sikuiona asubuhi:
uzi wa njano, kifungo cha shati kichwani.
Kumi na mbili zinatimia, yaani tatu zangu.
Kijiko ninacho. Kidole kipo kwenye swichi.
Kumi na tatu.
Kumi na tano.
"Muheza!" sauti toka jikoni. "Kuna nini huko?"
"Inatoka sasa hivi!"
Inaingia gizani chini ya kitanda, taa yake moja ikitetemeka.

Nachukua kalamu. Chini ya Sababu:
Abiria mmoja, behewa la tatu, alikuwa anatafuta shilingi.

Nasemba aliwahi kuniambia
Semkiwa hulisoma daftari lile usiku,
ukurasa mzima, akishazima kila kitu.