Karatasi Isiyo na Wino

Mashine yangu ya risiti haina wino.
Nilijua siku ya kwanza kazini,
nilipoikuna karatasi kwa ukucha
ikatoa mstari mweusi, kama ngozi iliyochubuka.
"Huandika kwa joto," akasema Ilka wa kaunta ya pili,
nami nikacheka.
Ilikuwa Szolnok, miaka kumi na mmoja nyuma,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vya wateja.

Nimewahi kuhesabu, usiku mmoja wa kukosa usingizi:
risiti mia tatu kwa zamu,
zamu tano kwa wiki.
Mikono ilipasuka kwa baridi, nikaipaka krimu kila saa,
na kidole kilicholainika hunywa.
Sikujua kwamba vidole hunywa.

Gellért hutandika sakafu za plastiki.
Hurudi akinukia nyumba mpya za watu,
harufu tamutamu ya pazia la bafu lililofunguliwa leo.
Nilikuwa naipenda.
Niliiita harufu ya mshahara.

Mama yake hutuletea kabichi iliyojazwa nyama
katika makopo yaleyale ya siagi.
Tunaipasha humohumo, kifuniko kikijikunja kwa moto.
Jumapili haniulizi kitu kwa mdomo.
Macho yake huanzia usoni, hushuka,
hutua kiunoni,
huondoka.

Daktari Szendrey alitueleza akichora nyuma ya boksi la glavu:
mwili huendeshwa na wajumbe.
Tezi hutuma, yai husikia, mbegu husikia,
mlango hufunguka kwa wakati wake.
Lakini wapo waliovaa sare ya mjumbe
wasio na ujumbe wowote.
Hubisha hodi, hufunguliwa, hukaa kitini,
na mjumbe wa kweli akifika
hukuta kiti kimekaliwa, anarudi na barua yake.

Mjumbe hauawi, tulifundishwa.
Mwizi wa sare je?

Nikauliza: ni risiti? Ni sakafu? Ni makopo ya siagi?
Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.
"Siwezi kukuambia ni hiki.
Mbegu za mumeo ni chache, na kwa nini, sijui.
Wapo walioshika risiti maisha yao yote, wana watoto wanne.
Ninachojua ni kwamba vimo ndani yako, mkojo wako umesema,
na ukipima wangu, vimo pia."

Nilitaka adui.
Nikapewa *huenda*.

Ilka alituletea glavu. Meneja akasema zinatisha wateja.
Baadaye zikaja roli mpya, nyuma zimepigwa chapa ya kijani:
haina bisfenoli hii.
"Ina ipi?" akauliza Ilka.
Meneja akaenda kupanga maziwa.

Mwaka juzi, Oktoba, nilikuwa na wiki saba.
Mashine ya kliniki ilitoa picha kwa mlio ninaoujua,
mlio wa kaunta yangu,
karatasi ileile laini, yenye joto bado:
punje ya haragwe ndani ya kivuli.
Gellért aliishika kwa ncha za vidole viwili
kama mtu anayebeba yai bichi.

Mimba haikuiona Krismasi.
Picha niliitia kwenye kimfuko cha plastiki, isichakae,
nikaiweka pochini kati ya kadi ya basi na sarafu.
Kumbe plastiki ndiyo iliyokuwa ikiila.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Zilianza kingo, kisha kivuli,
kisha tarehe, kisha jina langu.

Leo nimeitoa.
Nyeupe.
Nikaiinua kwenye taa ya jikoni, nikaigeuza, nyeupe.
Gellért alikuwa anavua viatu mlangoni, sikumwita.

Nikaikuna kwa ukucha, polepole, pale alipokuwa.
Ukatokea mstari mweusi, mwembamba.

Sikuendelea.