Mkanda wa Tatu

Nakala ilikuwa moja, kumbi mbili.
Hilo lieleweke kwanza.
Chumbageni walianza saa mbili kamili,
sisi wa Ngamiani saa mbili na nusu,
na katikati palikuwa na mimi,
Mbwana Shekue, miaka kumi na mitano,
baiskeli ya kuazima, breki kisigino,
na bati la duara limefungwa karia
kwa kamba ya mkonge.

Sanduku lilishuka na treni Jumatano,
Ijumaa lishaondoka.
Waja leo waondoka leo, hata filamu.

Mkanda ukiisha kule napokezwa ungali moto.
Dakika kumi na moja.
Barabara ya Tano, ya Saba, ya Tisa,
nyuma yangu hadithi inagongana na bati:
harusi, bastola, mama kipofu, mvua.
Sikuwahi kuona mwanzo na mwisho usiku mmoja.
Nilizijua kwa uzito.
Za mapenzi zilizidi za ngumi,
maana wapendanao hawafi upesi.

Juu, chumba cha mashine, fundi Abdulrasul,
vidole vimebabuka, singlendi imetoboka cheche.
"Picha hazitembei, we mtoto.
Zinasimama. Ishirini na nne kwa sekunde,
kila moja imebana pumzi.
Kati ya hii na hii bapa linafunika taa.
Watu wamelipa shilingi kutazama giza,
nusu ya usiku mzima,
na hajatokea wa kudai chenji."
Kinachotembea ni nini, basi?
Akanigonga paji la uso kwa kijiti cha kaboni.
Doa lile mama alilisugua kwa ndimu
siku tatu.

Usiku wa Idi, mkanda wa tatu,
mnyororo ukakatika Barabara ya Kumi na Moja.
Nikasukuma, nikakimbia, kandambili moja ikabaki huko.
Niliyokosa nilisimuliwa na Zainabu wa tiketi:
pazia likabaki jeupe,
miluzi, "Fundi kalala!",
maganda ya machungwa ya Muheza yakaruka.
Ndipo Abdulrasul akapitisha mikono mbele ya lenzi.
Akatokea ngamia,
mkubwa kuliko mnazi,
akainama kunywa maji, akagoma, akageuza shingo.
Ukumbi kimya.
Kisha sauti ya kitoto, mstari wa mbele:
"Mbembeleze!"
Na watu mia tatu wakambembeleza ngamia
aliyekuwa viganja viwili na mwanga.

Nikaingia nahema, nikamkabidhi bati.
Hakunigombeza. Akavisha mkanda, akawasha,
mwanamke mzuri akajaa pazia, analia.
Mtu akapaza sauti toka viti vya nyuma:
"Rudisha ngamia!"

Nikiurudisha mkanda ule usiku huohuo,
baiskeli naikokota, haraka ya nini,
nilisimama chini ya taa ya stesheni,
nikafungua bati, ingawa ilikatazwa,
nikavuta mkono mzima wa utepe.
Mwanamke yuleyule, kidogo kama stempu,
arobaini na ushei, na chozi moja.
Hapa liko kopeni.
Hapa liko kopeni.
Hapa liko shavuni.
Nilitafuta picha ambamo linashuka.
Nimekwisha kuwa mtu mzima, ukumbi unauza magodoro,
na paji la uso likiniwasha bado najipangusa,
natazama kidole.