Namba Kumi na Tatu

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Duka la vyuma la Shemdoe lina mlango mmoja
na feni inayozunguka kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Nimekuja na nati mfukoni.
Nati ya bomba la moshi, ya Fuso la machungwa la Muheza.
Wenzake wawili bado wamo kwenye injini, wamegoma.
Huyu nimemleta awe shahidi.

"Sanduku zima hili, vipande arobaini na sita,
elfu thelathini na tano tu, dada Mwanakombo,
na bisibisi sita juu yake, nyongeza."
Analifungua. Linameremeta
kama meno kwenye tangazo la dawa ya mswaki.
Ninainua spana moja. Nyepesi,
nyepesi kama ahadi ya mdaiwa.

Nalijua sanduku hili.
Nililinunua mwaka wa kwanza, kwa fedha ya upatu,
na hata mwezi haujaisha
namba kumi na tatu ikatanua mdomo
kwenye bolti ya breki,
ikateleza, ikachukua ngozi ya vidole vitatu
na pembe zote sita.
Ngozi iliota tena. Bolti haioti.
Tukaikata kwa patasi na nyundo, mchana kutwa,
mwenye gari amekaa juu ya tairi ananihesabia pumzi.
Alipoondoka hakusema, "Spana mbovu."
Alisema, "Fundi mwanamke."

Basi leo sinunui mng'aro.
Naomba zile za kopo la chini, nyeusi,
zenye grisi ya zamani,
alizoleta mjane wa fundi wa reli.
Naivika moja kwenye nati. Inakaa.
Naitikisa karibu na sikio: kimya.
Spana mbaya husema, kti, kti, kabla haijakuumiza;
ninayoitafuta mimi
ni ile isiyo na la kusema.
Naielekeza kwenye mwanga wa mlango:
kati ya chuma na chuma
haupiti hata uzi wa mkonge.
Na tarakimu zimegongwa ndani, hazikupakwa;
kidole kinazisoma gizani, chini ya gari,
na huko ndiko nitakakozisoma.

"Moja hiyo elfu kumi na mbili," anasema Shemdoe,
"na spana moja haimfanyi mtu fundi."
"Nipe tatu. Kumi, kumi na tatu, kumi na saba.
Nyingine zitaota kama meno ya mtoto."
Anacheka. Hapunguzi.
Bisibisi za nyongeza anabaki nazo.

Alasiri, Makorora.
Namba kumi na tatu inaingia kwenye nati ya kwanza.
Navuta. Wapi.
Nasema bismillahi, naegemeza uzito wote niliojaliwa,
chuma kinalia mara moja tu
kama mlango wa chumba kilichofungwa tangu msiba,
kisha nati inafuata mkono.
Pembe zake sita, zote zipo. Nazihesabu mara mbili.

Kutoka gereji ya pili Sekiete anapaza sauti:
"Mwanakombo! Niazime hiyo kumi na tatu!"
Nimekwisha kumwazima jeki, nyundo,
na siku moja chakula changu cha mchana.
Naifuta kwa kitambaa, taratibu,
naitia mfukoni, upande uleule wa nati.
"Sukuma gari lako uje nalo hapa," namjibu.
"Hii haitembei bila mkono wangu."