Gemu Namba Arobaini na Saba

Kanda ya manjano iliandikwa: michezo mia tisa tisini na tisa.
Uongo wa dukani. Ilikuwa hamsini na miwili,
mingine yote ni ileile, imebadilishwa rangi ya shati.
Tulihesabu. Tulikuwa na likizo ndefu
na shilingi fupi.

Kibanda cha mama kilikuwa Kirumba, ukishuka kwenda Mwaloni.
Runinga ya kichogo, benchi moja,
harufu ya dagaa ikiingia bila kulipa.
Hamsini, mchezo mmoja. Ukifa umekufa, pisha mwenzako.
Kwa kila hamsini mama aliweka njiti ya kiberiti mezani,
na katika wezi wote tuliokuwa
hakuna aliyewahi kumwibia njiti.

Tulikuwa na mabingwa.
Lushinge wa vifaru, asiyepepesa macho.
Bwire mbeba kayabo, vidole vimejaa chumvi;
vitufe vyetu viliota kutu kwa ajili yake.
Kulwa akiendesha pikipiki, Doto huinama naye kwenye kona,
na mmoja akianguka
wote wawili hupangusa magoti.

Umeme ukikatika ilisikika sauti moja,
kutoka kwetu mpaka Kitangiri: Aaah!
Mashujaa wote chini kwa pamoja, bila adui.
Hapakuwa na kuhifadhi.
Kesho unaanza upya, kama mtu anayechambua dagaa.

Arobaini na saba hakuna aliyeigusa.
Ukiifungua: giza, muziki wa bomba linalovuja,
mtu mfupi ameshika taa kando ya maji.
Hana bunduki. Haruki.
Maandishi yake vijumba na vijiti,
mabanda ya kuku baada ya upepo.
Unatembea, unatembea, mlango unajifunga,
unaulizwa usilolijua kwa lugha usiyoijua.
"Huyu anatafuta choo," alisema Bwire,
na jina likabaki hilo: Gemu la Choo.
Hamsini yako iende huko kufanya nini?

Mwaka huu, nikihamisha vitu vya mama,
nikaikuta mashine ndani ya ndoo ya rangi,
na chini yake daftari la madeni.
Mbele: Lushinge, mia mbili.
Bwire, mia nne, kapunguza kwa furu watatu.
(Furu! Nani anawaona tena furu?)
Nyuma: kurasa kumi na moja za vijumba na vijiti,
kwa kalamu ya bluu, kwa subira,
kila mstari na tarehe yake.

Nakiri, nilidhani ni mambo ya mganga.
Nililifunga daftari. Nikanawa mikono.
Usiku ndipo nikamkumbuka yule mfupi.

Fundi wa Makoroboi alisugua meno ya kanda kwa kifutio,
kisha akapuliza, vilevile kama sisi,
akadai elfu nane kwa pumzi ile.
Saa tisa mchana nikaingiza ukurasa wa mwisho,
kijumba, kijiti, kijumba, nikikosea, nikirudia.
Tarehe kumi na nne Novemba, tisini na nane.

Akatokea mahali ambapo hakuna bingwa wetu aliyefika:
maji pande zote, mawe yamepandana
kama haya ya kwetu, mtu haelewi nani aliyapanga.
Taa inawaka.
Miaka yote hiyo kasimama, hakuketi.

"Mama, kumbe ulikuwa unacheza?"
"Usiku. Nani angenidai hamsini?"

Siku hizi anaona kwa jicho moja.
Akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo,
akanipokonya kidude mkononi, akanirudishia,
vidole havimtii.
"Usipite darajani. Lile daraja linadanganya.
Zunguka nyuma ya jiwe.
Na punguza sauti,
wenzio wamelala."