Kiinua Mgongo

Chama chetu hakina bango.
Kina chumba cha nyuma kwa fundi Mbarouk, hapa Wete,
mlango wa pili ukipita duka la mafuta ya taa,
viti saba, vitano vizima,
na daftari la jalada jekundu aliloniachia baba
akisema: mwandiko wako, Raya, hausemi uongo.

Jumapili, baada ya alasiri, wanakuja.
Wanavua viatu mlangoni na mpaka leo
wanavipanga mstari mmoja, visigino ukutani,
bila kuamrishwa na mtu.
Kiatu cha Ngwali ni kimoja,
nacho kimenyooka kuliko vyote.

Elfu mbili kwa mwezi. Asiyekuwa nayo
naandika "ametoa",
na mwenye nayo hulipa mbili, hasemi,
nami nakuwa sijaona.
Huo ndio uongo wa pekee wa mwandiko wangu.

Tumelipia mpira wa gongo la Ngwali, mara tatu,
maana barabara ya Limbani inakula mpira.
Miwani ya Pandu.
Sanda ya Mzee Dadi, Mungu amrehemu, na posho ya khitima.

Usiku mmoja hatukulipia kitu.
Kombo aliamka saa tisa, akatoka na jembe,
akaanza kuchimba handaki katikati ya muhogo wa mkewe,
anahema, anasema chini, chini, wanakuja.
Mkewe hakuita jirani. Alimpigia simu Machano.
Machano akaja na jembe lake.
Hakumwambia vita vimekwisha.
Alishuka shimoni, wakachimba wote wawili
mpaka adhana ya alfajiri.
Hivi sasa mna migomba mle. Mwezi uliopita
tumekula ndizi zake kikaoni.

Sasa hili la Shaame Faki.
Jalada lake limeandikwa Shabani Fakihi.
Herufi chache tu, kosa la mpiga chapa aliyekwisha kustaafu zamani,
na kwa herufi hizo miaka kumi na moja
fedha ya mzee inamtafuta mtu asiyezaliwa.
Barua tatu nimeandika. Ya nne wakajibu:
aje mwenyewe, na shahidi wa tangu kikosini.

Tukapanda boti ya Unguja: Shaame, Machano, mimi na daftari.
Nauli nimeiandika ukurasa wa arubaini.
Karani alikuwa kijana mpole, shati lina pasi,
sitamsema vibaya.
Akamuuliza Machano: una hakika gani kuwa huyu ndiye?

Machano hakutaja namba, wala kikosi, wala mwaka.
Aligeuka, akampa karani mgongo,
mgongo uliopinda kama mundu.
"Nilimbeba hapa siku mbili, matopeni, kule Kagera.
Mpandishe. Uzito wake naujua."

Karani akacheka, kisha akaacha kucheka.
Shaame alikuwa anatazama sakafu.
Miaka tisa wamekaa viti jirani, hawa wawili,
wakigombania kashata,
na daftari langu halina hata neno moja la jambo hili.

Muhuri ukapigwa. Tukarudi.
Fedha haijafika bado. Kila Jumapili Shaame anauliza,
kila Jumapili nasema, inshallah.

Jina lake wameliita kiinua mgongo.
Mtu ameinama ujana wake wote,
waje wamwambie, haya, simama.
Mimi nimewaona wakisimama. Viti ni vifupi,
magoti hayataki,
Machano anatoa bega, Shaame anatoa mkono,
haijulikani nani anamnyanyua nani,
Ngwali anagonga gongo lake, anawahesabia: moja, mbili.

Naandika:
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu.
Wajumbe wote walisimama.